Uliza Kine: Mguu wa mtoto unapinda, na wa baba yake ulipinda vilevile

Jambo wasomaji wetu wa Goma, Bukavu na kote mliko, ni mimi kine wenu, yule wa mazoezi ya viungo. Mwezi huu nilikuwa nimepanga kujibu zile barua za mgongo, bamama wanaobeba mizigo kule Birere na bamotari wanivumilie kidogo, zamu yao itakuja. Nimepokea barua nne juu ya miguu, zimetoka kwa watu wasiojuana, halafu zote zinagusa jambo lilelile, kwa hiyo ukurasa wote nimewapa hao. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu pia, naomba muisome mpaka mwisho hata kama miguu yenu ni mizima.

*"Jambo Kine. Miye niko mama wa batoto bane, tunakaa Ndosho, Goma. Mutoto wangu wa pili iko na miaka 13. Tangu miaka kama tatu anaanguka-anguka, kifundo kinageuka ku mawe ya volkano karibu kila siku, na kambambili haikae mu mguu, inabaki nyuma. Unyayo wake umeinuka katikati kama daraja, vidole vimejikunja. Bwana wangu naye iko na miguu myembamba chini ya magoti, baba yake alikuwa vilevile, na kwao Masisi banasema kuna mutu alitupia ukoo wao. Ku sante, enfirmie alisema ni polio. Sasa munganga moja anasema bamupasue, bafunge mifupa ya mguu ili ikae sawa. Naogopa. Ni ugonjwa gani? Kupasua kutamuponyesha? Ao tungoje akue kwanza?"*

Mama, asante kwa kuandika yote bila kuficha, hasa kwa kutaja miguu ya baba na ya babu, manake jibu liko palepale. Sijamuona mtoto na barua haipimi mtu, lazima munganga, yaani daktari, amguse, lakini mimi ambaye kazi yangu ni kushika miguu ya watu toka asubuhi mpaka jioni nakuambia hii haifanani na polio. Polio inakuja ghafla, homa, siku chache mguu umelegea, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine, halafu hairithiwi toka kwa baba kwenda kwa mtoto. Kuna atakayekuambia konzo, ile ya muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri, inajulikana kule Kwango na hata sehemu za Kivu Kusini. Konzo nayo inakuja kwa ghafla, na miguu inakuwa migumu, mtu anatembea kama amefungwa kamba magotini, kwa Kiyaka jina lenyewe maana yake ni miguu iliyofungwa. Wa kwako miguu inalegea pole pole, inapungua nyama, yote miwili, na inafuata ukoo.

Ugonjwa ambao munganga anapaswa kuutafuta kwanza hapo unaitwa Charcot-Marie-Tooth, wengi wanasema CMT tu. Hayo ni majina ya madaktari watatu, Charcot na Marie wa Paris na Tooth wa Uingereza, waliouandika mwaka 1886. Inakadiriwa unapata mtu 1 kati ya 2500, sasa wewe hesabu mwenyewe Goma na watu wake wote, tunapishana nao kila siku na hatujui. Hao wa Masisi wamesema nusu ya kweli, ni kitu cha ukoo, ila hakuna mtu aliyetupa kitu. Mwaka 1991 wataalamu waligundua kwamba ile aina inayoonekana zaidi inatokana na kipande cha kromosomu ya 17 kilichojirudia, chenye jeni inayosaidia kutengeneza ganda la neva. Fikiria waya wa umeme. Ndani kuna shaba, nje kuna plastiki. Plastiki ikiharibika, umeme unafika ukiwa dhaifu, na waya mrefu ndio unaumia wa kwanza, na neva ndefu kuliko zote mwilini ni zile zinazotoka mgongoni mpaka vidole vya mguu. Ndiyo maana inaanzia miguuni, na baadaye kwa wengine inafika mikononi, utaona mtu anashindwa kufunga kifungo cha shati.

Sasa kwa nini mguu upinde, si ungelegea tu ukaishia hapo? Hapa naomba unifuate vizuri, manake ukielewa hapa utaweza kuongea na yule munganga bila kuogopa. Ushawahi kuona mtumbwi wa Kivu wenye wapiga kafi pande zote mbili, wale wa upande mmoja wakichoka, mtumbwi hausimami, unageuka upande wao, na wale wenye nguvu ndio wanaougeuza ijapokuwa hawana nia mbaya. Mguu ni hivyo hivyo. Misuli ya CMT haichoki yote kwa pamoja. Ule wa mbele ya muundi unaoinua mguu unachoka mapema, na ule mfupi wa pembeni unaovuta mguu kwenda nje unachoka mapema pia. Ila mwenzake mrefu wa pembeni, anayepita chini ya unyayo na kukandamiza mfupa ulio nyuma ya kidole gumba, anabaki na nguvu, na ule wa ndani unaovuta mguu kwenda ndani nao unabaki na nguvu. Basi siku baada ya siku, miaka, mfupa wa kidole gumba unasukumwa chini na kisigino kinavutwa ndani. Misuli midogo ya ndani ya unyayo nayo imekufa, vidole vinajikunja kama kucha za kuku. Na kidole gumba kinakunjwa zaidi kwa sababu mtoto anakitumia kusaidia kuinua mguu, anafanya hivyo bila kujua.

Mama, wewe unapika juu ya mafiga. Mguu nao una mafiga matatu, kisigino, shina la kidole gumba na shina la kidole kidogo. Figa la kidole gumba likisukumwa chini linakuwa kama figa refu kuliko mengine, na sufuria inainama upande wa pili, si ndiyo? Mtoto anaposimama, ili shina la kidole kidogo nalo liguse chini, kisigino kinalazimika kupinduka kwenda ndani. Kwa hiyo saa ingine kisigino chenyewe hakina kosa lolote, kosa liko mbele, na mtu akikimbilia kukata kisigino kabla hajajua hilo amekata pasipo.

Kuna kipimo kimoja kinaitwa kwa jina la Coleman, yeye na mwenzake walikiandika mwaka 1977, hakina mashine na kinahitaji ubao tu. Ubao Goma haujakosekana, nusu ya nyumba zetu ni mbao juu ya lava. Tafuta kipande chenye unene wa sentimita 2 na nusu hivi. Mtoto asimame, kisigino na ukingo wa nje wa mguu viwe juu ya ubao, upande wa kidole gumba uning'inie nje ya ubao ushuke mpaka sakafuni. Wewe kaa nyuma yake, chuchumaa, angalia kisigino. Kama kilikuwa kimepinduka ndani na sasa kimenyooka, hiyo ni habari njema sana, maana yake sehemu ya nyuma ya mguu bado inanyumbuka na anayeuvuta ni yule wa mbele. Kikibaki kimepinduka vilevile, basi kimeanza kukakamaa. Haikupi ruhusa ya kuamua peke yako, ila munganga wa mifupa anayetaka kumpasua mtoto mwenye miguu ya hivi lazima awe amefanya hicho kipimo, na amepima nguvu ya kila msuli mmoja mmoja, na amepiga radio, ile picha ya mifupa, ya mguu mtoto akiwa amesimama. Akiwa amelala mezani picha inadanganya. Kama yule munganga alimuangalia dakika mbili akiwa amekaa kwenye kiti halafu akasema tufunge mifupa, mimi ningetafuta jicho la pili. Nasema hivi kwa uchungu, manake nimeshika miguu mingi iliyofanyiwa haraka.

Kupasua hakumponyeshi ugonjwa wake, naomba hilo likae wazi nyumbani kwenu kabla hamjauza kitu chochote. Neva zitabaki vilevile. Kinachofanyika ni kupanga upya wapiga kafi ili mtumbwi uende mbele. Yule msuli mrefu wa pembeni unaokandamiza kidole gumba, kano yake inakatwa na kushonwa kwa mwenzake mfupi aliyechoka, hapo umepiga ndege wawili, umepunguza anayeshusha na umempa nguvu anayevuta nje. Ule wa ndani, kama bado una nguvu, kano yake inapitishwa katikati ya mifupa miwili ya muundi mpaka juu ya mguu, ili uliyekuwa unapindua sasa uinue. Utando mgumu wa chini ya unyayo unaachiliwa. Mfupa wa nyuma ya kidole gumba unaweza kukatwa kidogo na kuinuliwa. Kama kisigino kimeshakakamaa, unatolewa kipande chenye umbo la kabari upande wa nje, kisigino kinarudi chini ya mguu, hiyo ni mbinu ya Dwyer ya mwaka 1959 na mpaka leo inatumika, ao kisigino kinasogezwa nje. Vidole vinanyooshwa. Si lazima yote, kila mguu na hesabu yake.

Kufunga viungo, yaani kuondoa viungo vitatu vya nyuma ya mguu na kugeuza mifupa iwe kitu kimoja, hiyo ni ya mwisho kabisa, ya mguu uliokakamaa ambao hauna njia nyingine. Kwa mtoto wa miaka 13 ambaye mguu bado unanyumbuka mimi nakuomba uulize mara mbili, mara tatu. Sababu utaiona kwenye barua inayofuata.

Na kitu kingine. Ukisikia wanataka kurefusha ile kano kubwa ya nyuma ya kisigino, uliza kwa nini. Mguu wa namna hii unaonekana kama unasimama kwa vidole, watu wanadhani kano ya nyuma ni fupi, kumbe mara nyingi ni sehemu ya mbele ya mguu ndiyo imeanguka chini, kisigino chenyewe hakijapanda, radio ya pembeni inaonyesha. Ukirefusha pasipo sababu unaudhoofisha msuli wa shavu la mguu, ndio unaomsukuma mtoto mbele akitembea, na huo akiupoteza harudishiwi.

Kungoja akue? Kungoja bila kufanya kitu hapana. Mguu unaonyumbuka leo ukiuacha unakuwa mguu mgumu kesho, na operesheni za kano zinafaa ule unaonyumbuka. Lakini mtoto anayekua ana sehemu za mifupa zinazorefuka bado, munganga lazima azikwepe, kwa hiyo mara nyingi kwa watoto wanaanza na kano na kuacha mifupa kwa baadaye. Wakati mnapanga, mtoto avae atele, kile kifaa cha kuvaa mguuni kinachoshika kifundo, viatu vya kufunga kamba vyenye kisigino kipana, na anyooshwe mguu kila siku na kine. Atele haizuii mguu kupinda, ila inamzuia kuanguka, na kwa mtoto anayekwenda shule juu ya mawe ya Nyiragongo hiyo si kitu kidogo.

Sasa baada ya operesheni, hapa ndipo nimeona watu wakishindwa. Mguu unakaa kwenye platri, ile bandeji ngumu nyeupe, kawaida wiki kama 6, na sehemu kubwa ya hizo wiki mtoto hakanyagi. Fikiria kwako Ndosho. Choo kiko wapi, uani? Njia ya kwenda ni mawe matupu? Mvua ya Goma ikinyesha, platri ikilowa, ngozi ya ndani inaoza wala hamuoni. Mtoto wa magongo juu ya lava ataanguka siku ya pili. Kwa hiyo kabla ya tarehe ya operesheni bwana wako na majirani wasawazishe kale kanjia, tafuteni ndoo ya usiku, kiti cha kuogea, mtu wa kumbeba mgongoni. Na ukiniuliza, mguu mmoja kwanza, wa pili baadaye, ili abaki na mmoja wa kusimamia. Platri ikitoka kazi yangu inaanza, kano iliyohamishwa inabidi ijifunze kazi mpya, nakumbuka kijana mmoja nilimwambia inua mguu akawa anauvuta ndani, anauvuta ndani, wiki nzima, mpaka siku moja tulikuwa tunaongea habari nyingine kabisa mguu ukainuka wenyewe, akanyamaza, akauangalia kama si wake. Hiyo kazi inachukua miezi. Mkiikatisha ili kuokoa nauli ya pikipiki, mmetupa pesa yote ya operesheni.

*"Mukubwa Kine, niko na miaka 26, nakaa Kadutu, Bukavu, nauza unite za simu. Nilipasuliwa miguu yote mbili nikiwa na miaka 14, bilifungwa ile mifupa, nami mama alikuwa nayo hii ugonjwa. Miaka ya kwanza nilitembea muzuri. Sasa kifundo kinauma usiku, nikipanda kilima nasimama mara tatu, na natembelea ukingo wa inje mpaka sugu imetoka kubwa inapasuka. Balinikosea? Kuna kitu bado?"*

Ndugu yangu, pole sana kwa maumivu. Ulipasuliwa kwa njia ambayo miaka mingi ilikuwa ndiyo inayofundishwa duniani kote, si Bukavu tu. Shida ilionekana baadaye. Mwaka 1989 Wetmore na Drennan huko Marekani walitoa matokeo ya watu 16 wenye CMT, miguu 30 iliyofungwa viungo vitatu, wakaiangalia tena baada ya miaka 21 hivi kwa wastani, na karibu nusu ya miguu hiyo ilikuwa na hali mbaya. Wewe umefika miaka 12, umeanza kuonja. Viungo vitatu vilivyokuwa vinapokea mishtuko ya njia havipo tena, mshtuko wote unapanda kwenye kifundo ambacho hakikuumbwa kuubeba peke yake, na zaidi ya hapo kufunga mifupa hakukuondoa ule msuli unaovuta ndani, umeendelea kuvuta miaka yote hii. Ukiniuliza kama walikukosea siwezi kusema, sikuona mguu wako wa wakati ule. Inawezekana ulikuwa umeshakakamaa na hapakuwa na njia nyingine.

Kuna kitu bado, ndiyo. Cha kwanza ni hiyo sugu inayopasuka, hiyo inanitisha kuliko maumivu. Neva zako hazisikii vizuri, kidonda kinaweza kuingia mpaka mfupani na wewe unaendelea kuuza unite zako. Kila jioni osha miguu, kaushe, weka kioo chini au mwambie mtu aangalie, usijikate sugu mwenyewe na wembe, na usiote moto wa makaa miguu ikiwa karibu, nimeona malengelenge ambayo mwenyewe alikuja kuyajua asubuhi. Kama kuna usaha, joto au wekundu, siku hiyohiyo hospitali.

Halafu radio ya kusimama, ya mguu na ya kifundo. Kinachotafutwa ni hiki, kisigino kilifungwa kikiwa kimenyooka, ao kilifungwa kikiwa bado kimelala ndani? Kama kimelala ndani, munganga anaweza kukata mfupa wa kisigino na kuusogeza, na kuhamisha ile kano inayovuta ndani kama bado ina nguvu, kifundo kinapumua. Wengi kabla ya kisu wanapata nafuu na soli iliyoinuliwa upande wa nje, fundi wa viatu mzuri anaitengeneza akipewa maelekezo, pamoja na atele ngumu. Usikubali haraka kufungiwa na kifundo chenyewe, una miaka 26. Na hiyo kazi ya kusimama toka asubuhi, tafuta stuli ndefu, mteja wa unite hajali kama umekaa.

*"Binti yangu wa miaka 9, mguu wa kushoto peke yake umeanza kuinuka katikati na kupinda tangu mwaka jana, siku hizi anajikojolea usiku wakati alikuwa ameacha. Jirani amesoma kwenye simu akasema ni hiyo CMT. Baba, Himbi."*

Baba, hapana, usikae na jibu la jirani. CMT inashika miguu yote miwili hata kama mmoja unatangulia kidogo. Mguu mmoja tu, kwa mwaka mmoja, na mkojo umeanza kutoka, hapo tunatafuta kitu mgongoni, uti wa mgongo unaweza kuwa umekamatwa au umebanwa na kitu. Angalia kiunoni kwake chini, kama kuna nywele, kishimo, doa ao uvimbe. Wiki hii aonekane na munganga, na mguu usiguswe na kisu chochote kabla mgongo haujapigwa picha. Sikutishi baba, lakini usingoje mwezi.

*"Nimesoma mara nyingi ukurasa wako. Miye njo baba mwenye miguu myembamba, niko upande wa Sake. Mtoto wangu wa kwanza ameanza kuanguka. Bibi yangu anataka tuende hospitali pamoja, naona haya, toka utoto sijavua viatu mbele ya watu. Na nina batoto batatu, wote watapata? Tutaenda wapi, na tutabeba nini?"*

Baba, hii barua nimeisoma mara nyingi kuliko zingine. Kuhusu watoto watatu, kama ni ile aina inayotoka kwa mzazi mmoja, kila mtoto alikuwa na nafasi nusu kwa nusu, kila mimba kivyake, kama kurusha kichele hewani, kwa hiyo wanaweza kupata wote, asipate hata mmoja, ao mmoja tu. Aliyepata si lazima aumie kama wewe, ndani ya nyumba moja unakuta mmoja anacheza mpira na mwingine anavaa atele. Asiyeipata kwa aina hiyo hawapitishii watoto wake. Ziko aina zingine zinazojificha kwa wazazi wote wawili, hasa ndoa za ndugu kwa ndugu, ila wewe na mtoto mnaumwa wawili, inaonekana imepita kwako moja kwa moja. Si kosa ulilofanya.

Pa kwenda. Goma kuna HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na Dokta Jo Lusi, mwenyewe munganga wa mifupa, na mke wake Lyn, na kwa atele na mazoezi kuna kituo cha Shirika la Umoja. Walio Bukavu wanajua Heri Kwetu. Ulizeni mapema bei ya kila kitu, operesheni, platri, atele na vikao vya kine, manake watu wanalipa operesheni halafu atele inawashinda. Mkifikia operesheni, mwambieni munganga wa usingizi kwamba ni ugonjwa wa neva wa ukoo, kuna dawa za kulegeza misuli ambazo wengi wao wanaziepuka kwa watu kama nyinyi. Na andika kwenye daftari la afya la kila mmoja wenu, kama siku moja mtu wa ukoo wenu akipata kansa, munganga ajue kabla hajatoa dawa inayoitwa vinkristini, hiyo kwa mwenye CMT inaweza kumlemaza ndani ya muda mfupi.

Mbebe viatu vya zamani vya mtoto, msivioshe, msivitengeneze. Vile vilivyoliwa ukingo wa nje mpaka soli imebaki kama karatasi, munganga akivigeuza anaona miaka miwili ya kutembea. Bebeni picha za simu za miguu yake ya mwaka juzi kama zipo, na video akitembea nyumbani bila viatu, mbele na nyuma, mtoto akiingia kwa munganga anajikaza na kutembea vizuri kuliko kawaida yake. Na wewe baba uende. Munganga akishamaliza kuangalia miguu ya mtoto, vua viatu vyako na soksi, panda kitandani kando yake, aiangalie na ya kwako. Mguu wako unamwonyesha wa mtoto ulikotoka na unakoelekea, unaweza kumwokolea vipimo vya pesa nyingi, na mtoto wako atakuwa ameiona miguu yako kwa mara ya kwanza.